Mnunuzi wa Pili

Kabla hujamrushia mwenzako hii, isome mwenyewe hadi mwisho. Mimi niliyeletewa niliisoma nimesimama, nikajikuta natafuta pa kukaa.

Huko Muheza palikuwa na mzee mmoja mgane, Mzee Semboja, mstaafu wa reli. Aliishi peke yake katika nyumba aliyoijenga na marehemu mkewe kidogo kidogo, leo tofali, kesho bati, mpaka ikasimama. Nyumba ilikuwa nzuri, ina baraza pana mbele, na uani kuna michungwa na chumba cha wageni.

Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Zahara, mwalimu wa shule ya msingi mbali kule Mpanda. Na huyo mmoja, mzee alikuwa hasemi naye.

Kisa chenyewe kinauma. Mama yake alipofariki, Zahara aliondoka Mpanda siku hiyo hiyo, lakini basi likaharibika njiani. Akafika watu wameshatoka makaburini. Akaingia uani analia, begi lingali begani. Mzee Semboja, kwa uchungu uliokuwa umemjaa, akamwambia mbele ya waombolezaji wote:

"Mama yako tumeshamzika. Wewe umewahi pilau."

Jamani! Kuna maneno ambayo ni heri mtu aume ulimi wake kuliko kuyatoa. Zahara aligeuka na begi lake vile vile, akaenda zake.

Jioni ile ile mzee alijua amekosa. Msidhani hakujua, alijua kabisa. Lakini akajiambia maneno ambayo wazee wetu wengi hujiambia: "Mtoto ndiye humwendea mzazi. Mzazi hamwendei mtoto." Basi akakaa kumsubiri. Idi ikaja, Zahara hakuonekana. Idi nyingine ikaja, hakuonekana. Mzee akanuna zaidi, na nyumba ikawa inamzidi ukubwa kila siku.

Ndipo akapata wazo la kuiuza. Na hapa nisikilizeni vizuri. Mzee hakuwa na shida ya fedha, pensheni yake ilimtosha kwa chai na kitoweo. Alichotaka ni Zahara asikie kwamba nyumba ya mama yake inauzwa, moyo umpasuke, aje mbio getini akilia, "Baba, usiuze!" Hapo yeye angemkaribisha ndani, wangeyamaliza, na heshima yake ingebaki pale pale. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga. Hakumwambia mtu.

Mdogo wake, Hoza, aliposikia alikuja hapo hapo.

"Kaka, umemwuliza Zahara? Nyumba haiendi kwa mgeni kabla damu haijaulizwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Atasoma mtandaoni kama watu wengine."

"Kaka!"

"Si ana simu?"

Hoza akashika kiuno, kisha akachukua kofia yake na kuondoka bila hata kuaga.

Siku chache baadaye akaja dada mmoja kutoka Tanga, jina lake Rukaiya, dalali wa kampuni inayouza nyumba kwenye simu. Alikuwa na adabu zake, shikamoo mzee, pole na upweke. Akapiga picha vyumba vyote. Alipofika mbele ya nyumba, akasita. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa mekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Marehemu ndiye aliyeyaandika kwa mkono wake, mwaka ambao matapeli walijaribu kuiuza wenye nyumba wakiwa safarini.

"Mzee wangu, tukiweka picha hii watu watatucheka."

"Yapake rangi," mzee akasema, akaingia ndani ili asione brashi ikipita.

Kazi ya Rukaiya ilikuwa na utaratibu wake. Watu walitaja bei zao kupitia simu, na kampuni ilificha majina mpaka biashara iishe, kwa kuogopa wasije wakauziana pembeni ikakosa chake. Mzee aliona tu Mnunuzi wa Kwanza, Mnunuzi wa Pili, na chini yake vitufe viwili, Kubali na Kataa.

Tangazo lilipotoka, Mzee Semboja alihamishia kiti chake barazani, akakielekeza getini. Kila gari lililopunguza mwendo, alinyoosha shingo. Alikuwa anamsubiri mwanawe. Zahara hakutokea. Waliokuja ni wanunuzi.

Wa Kwanza alitoa bei nzuri, akataka nyumba iachwe tupu haraka. Wa Pili bei yake ilikuwa ya chini, tena aliandika maneno ya ajabu: "Naomba mzee aendelee kuishi humo humo. Mimi kitanitosha chumba cha uani."

Mzee alipandwa na hasira mpaka miwani ikamtetemeka puani.

"Ala! Huyu anataka kuninunua pamoja na makabati? Nimekuwa kiti mimi?"

Akabonyeza Kataa.

Kesho yake Rukaiya akampigia. "Mzee, yule wa pili amejikamua, ameongeza kidogo. Anaomba kwa unyenyekevu umfikirie."

"Ananionea huruma ya nini? Namjua? Ni nani huyo?"

"Nimekatazwa kutaja jina, mzee wangu. Ila kama ni mimi, ningesubiri kwanza."

"Basi si wewe."

Akabonyeza Kataa mara ya pili. Kisha, kwa sababu geti lilikuwa bado halijagongwa na mtu aliyemtaka, na kwa sababu hasira ikishakukamata hukuburuta, akampa nyumba Mnunuzi wa Kwanza. Alikuwa mfanyabiashara, akataka kuigeuza ghala. Wakaandikishana, mzee akakabidhi funguo, akapewa siku chache za kutoa vyombo avipeleke kwa Hoza.

Siku ya kutoa vyombo vya mwisho, mafundi walikuwa wameshaanza kubomoa kuta za ndani ili vyumba viwe kimoja. Mzee alikuwa nje, anafunga kamba kwenye mkokoteni. Akainua macho. Zahara alikuwa amesimama getini, amekonda, vumbi la safari limemjaa miguuni.

Wallahi, moyo wa mzee uliruka kwa furaha. Amekuja! Lakini mdomo wake, masikini, ulikuwa umezoea vibaya.

"Umekuja kulia sasa hivi? Nyumba imeshauzwa."

Zahara akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Sikuja kulia. Nimekuja kuomba ile mbuzi ya mama, ya kukunia nazi. Niliogopa wataitupa."

Mzee akatazama pembeni. "Nyumba imetangazwa wakati wote huo. Hukuiona?"

"Niliiona siku ya kwanza. Watu walinitumia."

"Ukanyamaza."

"Sikunyamaza, baba. Nilikuomba mara mbili. Mara zote mbili ulikataa." Akameza mate. "Mimi ndiye yule wa pili."

Mzee Semboja akaiachia kamba. Ndani, mafundi walikuwa wanapokezana nyundo.

"Kwa nini hukuandika jina lako?" akauliza mwishoni.

"Hawaruhusu. Na hata wangeruhusu, baba, ungeona limeandikwa Zahara, ungekubali?"

Mzee angesema ndiyo angekuwa anadanganya, maana angeliona jina angesema kwanza, mtoto gani huyu anayemwendea mzazi wake kupitia kwa dalali.

Zahara akamweleza yote pale pale, bila kupandisha sauti. Alikuwa amekopa katika chama cha walimu. Alikuwa ameshampata mwalimu wa pale Muheza aliyetaka kwenda Mpanda, wabadilishane vituo, na huyo mwalimu alikuwa amekubali. Ombi lake lilipokataliwa, Zahara akaona hana pa kurudi, akamwachia mwenzake atafute mtu mwingine. Akapata. Wameshabadilishana, na nafasi kama ile mtu huitafuta miaka.

"Na kwa nini chumba cha uani?" mzee akauliza. "Nyumba ungenunua wewe, kisha ukalale uani?"

"Nilisema utakuwa unaniona kila siku nikifagia. Pengine ungenizoea. Pengine siku moja ungeniita ndani."

Hapo mzee akalia. Alilia mbele ya mafundi, mbele ya msukuma mkokoteni, mtu ambaye hata mkewe alimzika macho makavu. Akasema lile neno ambalo lilimkaa kooni tangu jioni ile ya msiba.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikosa mimi."

"Nilikusamehe kabla hata ya arobaini ya mama," Zahara akajibu. "Niliogopa tu kufukuzwa tena. Nilijua mara ya pili singeweza kuibeba."

Na kumbe alikuwa amefukuzwa. Mara ya pili na ya tatu, kwa kidole kimoja, na baba yake amekaa barazani anamsubiri.

Mzee akaitoa ile mbuzi kwenye mkokoteni, akaipangusa vumbi kwa kanzu yake, akampa. Jua lilikuwa kali, na binti alikuwa hajanywa hata maji tangu ashuke kwenye basi. Mzee akamshika mkono na kugeukia mlangoni, kama baba yeyote anavyofanya mwanawe akifika kutoka mbali.

"Pita ndani, mwanangu, upumz..."

Fundi mmoja akatokeza pale mlangoni na toroli la vifusi. "Samahani mzee, huku hawaruhusiwi watu wa nje."

Funzo: Ukijua umemkosea mtoto wako, mwendee wewe, umri haupungui kwa kusema nisamehe. Unayemsubiri aje kugonga huenda ameshagonga, nawe kwa kiburi chako hukuisikia sauti yake.