Macho ya Asumini

Mwenye kutafuna amalize, mwenye usingizi akanawe uso. Hadithi hii naileta bila mwisho. Mwisho wake mtautia ninyi, na atakayenijibu "sijui" ndiye atakayeosha vyombo.

Paliondokea vijana watano katika chuo kimoja cha sanaa pale Tanga, wote wa mwaka wa mwisho. Watatu Mwenyezi Mungu aliwapa vipawa. Wawili aliwapa haya.

Tunu alipewa macho. Kanga ikianikwa ng'ambo ya barabara, yeye alikwambia kama ni mpya au imeshafuliwa, na kama aliyeifua alikuwa na hasira. Ukilia jana, Tunu alijua leo kabla hujamwamkia.

Salmini alipewa masikio. Alikuwa fundi wa sauti, hedifoni shingoni kama hirizi. Akiwa kitandani aliweza kujua mafuta ya mama muuza mandazi yamepata moto au bado.

Na Pandu, mtoto wa Pemba, alipewa mdomo. Huyo hata msibani watu walimwomba anyamaze kidogo wapate kulia, kisha wakamwomba aendelee. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kutangaza redioni.

Sasa hao wenye haya. Mishi alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, ila haikutoka mpaka awe nyuma ya pazia. Ukimtazama alisahau hata jina la baba yake. Mbaruku alikuwa na mkono wa kuchora ambao walimu waliuonea wivu, lakini macho yake hayakupanda juu ya magoti ya mtu. Wenzake aliwajua kwa viatu. Mishi, kwake yeye, alikuwa kandambili za bluu, moja imekatika kamba ikafungwa kwa waya.

Mishi alimpenda Mbaruku. Tuseme wazi sisi, maana yeye mwenyewe hakusema. Alimpenda tangu siku alipomwona akimhamisha konokono njiani asikanyagwe, kisha akamwomba konokono radhi. Na mwaka ulikuwa unakwisha. Baada ya mahafali Mishi alikuwa aende Songea, mjomba wake amemtafutia kazi huko, na Mbaruku arudi kwao Lushoto. Kutoka Lushoto hadi Songea si mahali pa kupita kusalimia. Wakiagana bila neno, basi tena.

Kwa ajili ya mahafali watano hao walitengeneza filamu ya katuni, zile za Kijapani ambazo vijana huziita anime, zenye nywele zilizosimama na macho makubwa kama visahani. Wajapani huonyesha maua ya mcheri yakipukutika, na Mbaruku alichora ya mkrismasi, mekundu, yakianguka juu ya paa za bati. Kisa chenyewe ni cha wanafunzi wawili, Asumini na Kito, waliotembea chini ya mwavuli mmoja masika nzima bila kusemezana, kila mmoja akisema na moyo wake tu. Siku mvua inapokatika hawana tena sababu ya kuandamana, na hapo ndipo Kito anatakiwa afumbue mdomo.

Mtindo wa chuo kile ulikuwa wa kwao wenyewe. Siku ya maonyesho picha hutembea kwenye shuka jeupe, na sauti hutolewa papo hapo nyuma ya pazia. Hakuna kurekodi ila wakati wa mazoezi, ili kusikiliza makosa. Mishi alipewa sauti ya Asumini, Pandu ya Kito.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ikakwama machoni. Katika katuni za namna hiyo uso waweza kukosa pua na mtu asigutuke, lakini bila macho hakuna katuni. Mbaruku alikuwa na desturi ya kuyachora mwisho. Kito alipata ya kwake. Asumini akabaki na viduara viwili vyeupe, wiki baada ya wiki.

"Mbaruku," mwalimu alimwuliza, "msichana wako kipofu?"

"Bado nayatafuta, mwalimu," Mbaruku akaviambia viatu vya mwalimu.

Tunu ndiye aliyeanza. Mbaruku alimkabidhi jalada la michoro alipeleke darasani, akamwapisha asilifungue. Tunu akaapa. Hakufika hata kona ya kwanza. Ndani alikuta kurasa na kurasa za Asumini, na kila alichokiona alikijua. Kovu dogo chini ya kidevu. Pini ya ushungi upande wa kushoto. Kandambili yenye waya. Akatupa viatu, akakimbia hadi bwenini.

"Shoga, yule msichana ni wewe!"

"Msichana gani?" Mishi aliuliza.

"Asumini! Kakuchora mpaka kovu. Macho tu ndiyo hana, na sababu naijua. Hajawahi kuyaona! Wewe unatazama chini, yeye anatazama chini. Nyinyi mnajuana kwa vidole vya miguu."

Mishi alijifunika mto. Chini ya mto alikuwa anacheka na kulia pamoja, na hakujua atangulize kipi. Tunu naye alilipia kiapo chake. Mbaruku alipojua jalada limefunguliwa hakugomba, kugomba hakukuwa kwake, ila hakumkabidhi tena hata kifutio, na Tunu aliyezoea kuaminiwa na wote aliumia sana.

Kesho yake Mishi alijikaza. Aliingia chumba cha kuchorea, akavuta kiti, akaketi mbele ya Mbaruku ili achorwe. Hakusema alichofuata. Mbaruku alishika penseli. Mishi alitazama meza, Mbaruku naye akaitazama meza iyo hiyo. Wakakaa hivyo mpaka kengele ya chakula. Mishi aliposimama alichungulia karatasi, akakuta meza imechorwa vizuri mno, hata misumari.

Akarudi bwenini amevunjika moyo. Alijua sasa anapendwa, lakini Mbaruku hakujua, na Mishi hakuwa mtu wa kumwambia.

Ndipo zamu ya Salmini. Katika chumba cha kurekodia, chumba kilichozungushiwa magodoro, Salmini alikuwa amegundua jambo. Mishi akifika penye neno "usiondoke," pumzi yake ilikatika. Kidogo tu, wengine wasingeisikia. Siku hizo, zaidi ya Mishi, chumbani walikuwamo watu wawili, Salmini mwenye mitambo na Mbaruku aliyekaa pembeni akipiga hesabu za picha zake. Salmini akamtuma Mbaruku kutafuta waya ambao haukuwako. "Rudia, Mishi," akasema. Mishi akarudia, na pumzi ikatoka nzima, safi kama maji ya mtungi. Mbaruku aliporudi wakarudia tena. Ikakatika.

Salmini alizungusha na kuzungusha kitufe kisicho na kazi, mpaka Mishi akadhani amekosea kusoma. Baadaye, Mishi alipokwisha toka, alimvisha Mbaruku hedifoni.

"Sikiliza hii. Haya, na hii. Umesikia tofauti?"

"Hapa... kama anaogopa."

"Haogopi, mgosi. Hapa ulikuwamo. Hapa hukuwamo."

Mbaruku aliomba asikilize tena, kisha tena. Siku ya pili yake Mishi alipopita uani na ndoo ya maji, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Mbaruku aliinua kichwa. Na Mishi, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kumtazama anapodhani haonwi, alikuwa anamtazama. Macho yakakutana. Ndoo ikamwagika yote, na hakuna aliyeijali. Jioni ile Asumini alipata macho, na mwalimu alipoyaona aliuliza ni ya nani. Mbaruku akaenda kuchonga penseli.

Mtadhani yamekwisha. Hayajakwisha! Sasa kila mmoja alijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenziwe anajua, na bado hapana aliyesema. Wakikutana mlangoni walipishana kama watu wanaodaiana. Sanduku la Mishi lilikwisha fungwa kamba, na tiketi ya Songea ilikuwa chini ya mto.

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa wazazi, walimu na wageni. Mstari wa mbele alikaa bwana mmoja wa redio aliyekuja kutafuta mtangazaji kijana. Pandu alipopata habari hizo alipiga mswaki mara ya pili. Filamu ikaanza. Pandu alisema maneno ya Kito hata vikongwe wakajifuta machozi, na yule bwana wa redio akatoa kalamu mfukoni.

Picha ikafika mwisho. Mvua imekatika. Maua mekundu yanaanguka. Asumini anafunga mwavuli na kugeuka, na macho yake yanaenea shuka zima. Nyuma ya pazia Mishi alisoma neno lake, "Haya, Kito. Mvua imekwisha." Zamu ya Kito ikawadia.

Pandu akafumba mdomo.

"Sema!" Tunu alimnong'oneza. Pandu akatikisa kichwa. Ukumbini watu wakaanza kuguna, mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema kijana amesahau. Mishi alimwona Pandu jasho likimtoka. Kunyamaza kwake ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Kisha akachukua kipaza sauti, akamtia mkononi Mbaruku, aliyekuwa kando akiendesha picha.

Mbaruku alikitazama kile kipaza sauti. Akamtazama Mishi, machoni.

"Usiende Songea," alisema, "kabla sijakwambia. Nakupenda, Mishi. Nilikuwa sijui niseme nini, na hata sasa sijui, ila ndilo hilo."

Mishi alisahau kwamba mbele yake kuna kipaza sauti na mbele ya kipaza sauti kuna watu. "Na mimi nakupenda," alisema. "Tangu yule konokono."

Ukumbi ulipiga makofi, wakidhani ndiyo filamu. Kisha bibi mmoja wa mstari wa nyuma akauliza kwa sauti, "Mishi ndiye nani, na konokono kaingilia wapi?" Hapo vicheko vikavunja ukumbi. Yule bwana wa redio alikwisha rudisha kalamu mfukoni. Alimchukua kijana mwingine, na Pandu leo anatangaza bei za nguo mnadani.

Mishi alikwenda Songea, lakini alikwenda na ahadi. Simu zikafanya kazi yake, miaka ikapita, na juzi juzi Mbaruku alipeleka posa.

Na hapo ndipo palipo na fundo. Nyumba ya kina Mishi ina mwenyewe, naye ni bibi yake, Bi Mwanahawa. Mbele ya majirani na wazee wa pande zote mbili, Bibi alisema, "Mlango wangu haufunguliwi kwa posa isiyo na mshenga. Na mshenga ni mmoja, awe mwanamke awe mwanamume, kwangu mamoja. Aliyewaunganisha hawa ndiye atakayevishwa nguo ya heshima, ndiye atakayekaa kulia kwangu siku ya harusi, na wakigombana ndiye watakayemwendea maisha yao yote. Mishi atanitajia. Ni nani?"

"Ni mimi," alisema Tunu. "Nisingeona, Mishi asingejua. Angeondoka zake akidhani hapendwi. Nilivunja kiapo, Bibi, na mimi si mvunja viapo."

"Kujua kwa mmoja kunafaa nini?" alisema Pandu. "Walijua wote wawili na wakakaa kama magogo! Penzi ni kikohozi, Bibi, lakini hawa walikuwa wanakufa na kikohozi chao kooni. Mimi ndiye niliyefanya likasemwa, na nilichokitoa siku ile sitakipata tena."

Salmini alikuwa amekaa nyuma yao. Bibi akamgeukia. "Na wewe, mwanangu?"

Salmini akaeleza habari ya pumzi, na jinsi alivyomtuma Mbaruku kutafuta waya. "Bila hivyo Mbaruku asingeinua kichwa," alisema. "Nilimtoa nje ili nijue pumzi ile inakatikia nani."

Bi Mwanahawa alimtazama sana. "Nawe ulikuwa ukiomba iwe inakatikia nani?"

Salmini alirekebisha kofia yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Yameshapita hayo, Bibi."

Tunu, ambaye huona kila kitu, alitazama pembeni. Na Mishi, ambaye miaka yote hiyo hakujua, alihisi moyo unamwuma kwa ajili ya rafiki yake. Amchague Salmini, amwambie huyo aliyekosa penzi lake akae mlangoni kwake maisha yote akiwapatanisha? Au kutomchagua ndiko kumdhulumu mara ya pili? Na Tunu je, aliyepoteza uaminifu wake? Na Pandu, aliyepoteza ndoto?

Mishi alimtazama Mbaruku amsaidie.

"Mimi nilishasema siku ile," Mbaruku alisema, akitabasamu. "Leo zamu yako."

"Sema, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Hapa hapana pazia. Mficha uchi hazai."

Basi Mishi amesimama katikati ya sebule, watu wote wanamtazama, naye hajainamisha kichwa. Tunu amemkodolea macho. Pandu, kwa mara ya pili maishani mwake, amefumba mdomo. Mishi amevuta pumzi, na Salmini ameinama kuisikiliza.

Mnaonisikiliza, mama chai ameanza kumimina vikombeni na Bi Mwanahawa hana subira. Je, ungekuwa wewe ndiye Mishi, ungemtaja nani?