Kijiji Kilichogeuzwa Msitu

Kwaruu! Usiku mmoja, katika ofisi ya ramani, wembe ulikwangua karatasi.

Mchora ramani mmoja, kijana mwenye mkono mwepesi, alikuwa akinakili ramani kuukuu ya nchi ya milima, na kazi ilitakiwa asubuhi. Tone la wino likadondokea jina la kijiji kidogo. Akalikwangua doa, na jina nalo likatoka. Karatasi ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu, akaogopa kuandika tena isije ikatoboka. Akajisemea, "Kijiji chenyewe nyumba kumi na nne. Nani atakitafuta?" Akachora miti mitatu mahali pale, akazima taa.

Ile ramani kuukuu ililiwa na mchwa. Baada ya miaka kumi, mchoraji mwingine alinakili ya kijana yule. Alipoona miti, akaandika: Msitu. Wa tatu akakuta neno msitu, akapapaka kijani, akazungushia mstari: Hifadhi, hakuna wakazi. Je, wapendwa, kuna aliyedanganya hapo? Kila mmoja alinakili alichokikuta.

Ndipo watu wa nyumba zile wakaambiwa ni wavamizi, wahame ndani ya siku thelathini. Wakakata rufaa. Baraza likamwita mchoraji wetu wa kwanza, sasa mzee wa mvi, aje azisome ramani zote tatu.

"Mzee wetu," akasema mwenyekiti, "hapo pana kijiji?"

"Kwenye ramani hakuna," akajibu, macho yake yakiwa mezani.

Bibi mmoja akasimama. "Mwenyekiti mwanangu, kumbe mimi nilizaliwa juu ya mti?"

Watu wakacheka.

"Bibi, ramani haina chuki na mtu," akasema mwenyekiti.

"Haina. Ila huyo babu mbona anatoka jasho, na feni inazunguka?"

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Haya, kijiji chenu kinaitwaje?"

"Jina tumelitaja kila ofisi, tukarudi nalo nyumbani. Leo silitaji. Litajeni ninyi."

Sasa tumwache mzee hapo mezani kidogo, tujitazame sisi. Sisi nasi tumewachorea watoto wetu ramani. Yuko shangazi ambaye hatumtaji. Yuko mtoto wa nje ambaye baba yake anakaa hapa kanisani kila wiki, kiti cha mbele. Tukiulizwa, hatusemi uongo; tunachora miti tu. Tunadhani aibu yetu ni ndogo, itafia kwetu. Lakini watoto hawachori upya, wananakili! Sisi tulinyamaza, wao watasema mtu huyo hakuwahi kuwapo. Na wajukuu watamfukuza mlangoni kama mvamizi, kwa moyo safi kabisa. Dhambi yetu itakuwa imegeuka kuwa haki yao.

Tunangoja nini? Tunangoja wenye habari wafe? Mungu hanakili kutoka kwetu.

Mzee yule alijua kwamba akifungua kinywa, heshima ya miaka arobaini inaondoka. Alijua pia kwamba akikifumba, hakuna mwingine duniani atakayeulizwa. Akanyanyua macho, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamtazama bibi.

"Mama," akasema, "nililifuta mimi."

Kisha akaweka kidole juu ya kijani, akamgeukia mwenyekiti.

"Andika. Hapa ni Kwamtindi."