Zamu ya Chanuo

Mwanamke mmoja alikuwa na chanuo la mti na mkono mwepesi. Jina lake Nyamizi. Kijiji kizima kilisukwa mapajani mwake: wa harusi, wa msiba, wa kwenda kliniki. Desturi ya huko ilikuwa zamu, nikusuke unisuke, kwa maana kinyozi hajinyoi. Lakini kila aliyekwisha kusukwa aliinuka, akajipangusa, akajitazama kiooni, akasema atarudi jioni. Jioni hiyo haikufika miaka yote. Nyamizi alijifunga kitambaa kichwani akaendelea kusuka.

Alikuwa na mtoto wa kulea, Kabula, aliyeachwa na dada yake marehemu. Siku ya Kabula kuolewa, ilikuwa haki ya Nyamizi kumshika mkono na kumtoa chumbani mbele ya wakwe. Aliingojea siku hiyo tangu mtoto ni wa kubebwa mgongoni. Asubuhi nzima aliwasuka wanawake wa shughuli, akamalizia na bibi harusi, na kitambaa chake kikaloa jasho kikamdondoka. Ndipo Bi Sikudhani, msimamizi wao, ambaye kichwa chake kilikuwa bado kinang'aa mafuta ya Nyamizi, akamwambia akae jikoni, kwani kichwa timutimu kama kile kingewaaibisha mbele za watu. Wenzake wakacheka. Walithubutu kucheka, na misuko ya Nyamizi ingali inawavuta ngozi.

Jikoni Nyamizi hakwenda. Aliketi mkekani katikati yao, akawapa kisogo, akalinyoosha chanuo juu ya bega lake.

"Haya, zamu yenu."

Hakuna aliyelipokea. Nje, wakwe walibisha hodi. Kabula alijifunika khanga usoni akabaki palepale alipoketi, na bibi harusi asipoinuka hakuna harusi. Wakwe wakabisha tena. Basi Bi Sikudhani akapiga magoti nyuma ya Nyamizi, akalishika chanuo, na wakwe wakasimama juani mpaka mstari wa mwisho ulipofungwa. Kisha Nyamizi akamtoa mwanawe.

Nanyi kila siku mnatamka bila haya: fulani timutimu, nyumba yake timutimu, maisha yake timutimu. Timutimu ni nywele ambazo hazijachanwa, basi. Je, wewe unayecheka, zamu yako ya kushika chanuo ilikuwa lini?