Uso wa Mbaruku

Sogeeni karibu. Na wewe unayependa kudakia jibu kabla swali halijaisha, leo utulie. Nina watu watatu na maiti mmoja, na hukumu yao imenishinda.

Maiti ni Mbaruku. Kazi yake ilikuwa poka, kamari ya karata. Msicheke! Ndiyo, kazi, alikula kwayo, akaoa kwayo, akazunguka kasino za Dar, Nairobi na Kampala. Katika poka si lazima uwe na karata nzuri. Mwenzako akiamini unazo, akaogopa, akatupa zake, umeshinda. Na Mbaruku alikuwa na uso usiosema kitu.

Uso huo alipewa na kaka yake, Shekue. Mama yao alipofariki, Mbaruku bado mdogo, Shekue alimlea kwa fimbo. Akilia, anachapwa, akikunja uso, anaongezewa. "Mwanamume haonyeshi panapomuuma," alimwambia. Mtoto akajifunza, masikini, akajifunza mno.

Macho alipewa na mkewe, Mwanaidi. Huyu alikopesha watu vitenge, na mdaiwa muongo alimjua kabla hajafungua mdomo. Alimfundisha mumewe: "Achana na maneno yake, mtazame koo. Mwenye hofu humeza mate."

Chande, rafiki yake, hakuwa na la kufundisha. Alikuwa na bajaji tu. Mbaruku alipofilisika, nyumba yake ya Temeke iko rehani na mnada umeshatangazwa, Chande aliiuza bajaji ile amlipie kiingilio cha shindano kubwa. "Mimi nitasukuma mkokoteni," akasema. "Wewe nenda kaikomboe nyumba."

Basi Mbaruku akaenda. Akasoma makoo ya watu, akawatoa mmoja mmoja, hadi wakabaki yeye na Lyimo, mfanyabiashara wa Moshi. Mchezo wa mwisho akasukuma chipu zake zote, vile vidude vinavyosimama badala ya pesa, katikati ya meza, akaegemea kiti. Lyimo akamtazama. Akamtazama weee! Uso haukutikisika, jicho halikupepesa. Lyimo akaingiwa na baridi, akatupa karata zake, akakubali ameshindwa shindano zima. Watu wakapiga makofi, lakini mshindi hakuinuka. Walipomgusa, alikuwa ameshakufa. Moyo. Na karata zake zilipofunuliwa, lo, mbili na saba, takataka tupu.

Kasino haikubisha. Zawadi ni ya marehemu, wakasema, ila tutamkabidhi mtu mmoja, kubalianeni wenyewe. Ugomvi ukaanzia hapo hapo matangani.

"Nyumba inapigwa mnada Jumatatu," alisema Mwanaidi. "Mimi na wanangu tukalale wapi? Na makoo yale aliyasoma kwa macho yangu."

"Shemeji, bila bajaji yangu angekalia kiti gani?" Chande akajibu. "Wanangu wanashindia uji."

Shekue akagonga fimbo chini. "Uso uliomtisha Lyimo niliutengeneza mimi. Nami sitaki hata senti ya kula. Hii ni pesa ya kamari. Nitaijengea vyoo vya sokoni, itoke mikononi mwetu, labda ndugu yangu atapunguziwa adhabu."

Lyimo alikuwa pale, amekuja kutoa pole. Akasema taratibu, "Mimi niliyeshindwa na maiti naomba kuuliza. Jamani, hakuna aliyeona kuwa mtu huyu anaumwa?"

Mwanaidi akaangua kilio. "Niliona asubuhi ile. Koo lake lilikuwa linameza maumivu. Nikanyamaza, kwa sababu ya nyumba."

Chande akainamisha kichwa. "Alishika kifua mlangoni mwa kasino. Nikamwambia ajikaze, bajaji imeshauzwa."

Shekue akaisukuma fimbo yake nyuma ya mgongo. Hakuna aliyemuuliza nani alimfundisha Mbaruku kuficha panapomuuma.

Tangu hapo hakuna aliyeigusa zawadi. Kila mmoja anaogopa, maana atakayesema "nilimshindisha mimi" amesema pia "nilimuua mimi." Wanakaa kwenye mkeka mmoja, hawatazamani. Na leo ni Jumapili. Kesho asubuhi dalali anafika na kipaza sauti chake, na watoto wa Mbaruku wamo ndani ya nyumba ile.

Haya, sasa semeni. Je, wewe ungemkabidhi nani? Na ukimkabidhi, ungemwambia unamlipa kwa lipi?