Mwanga wa Njano

Katika mtaa mzima wa Lemara hakuna aliyemshinda Abdiel kwa kujua taa. Dukani kwake humwashia mteja balbu mbili, nyeupe na ya njano, kisha humweleza: "Nyeupe inasema ukweli, weka jikoni. Njano inabembeleza, weka sebuleni." Laiti maarifa hayo angeyaacha dukani!

Macho yake yalipogeuka manjano, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaona, kwenye kioo cha dukani, chini ya taa nyeupe. Send-off ya Sia, sherehe ya kumuaga bintiye wa pekee kabla ya harusi, ilikuwa imekaribia. Nani angemkabidhi binti kwa wakwe kama si baba yake?

"Nikilazwa, shughuli itavunjika," alijisemea. Jioni hiyo alibadilisha taa za nyumba nzima, hata ya chooni, akaweka za njano. Mchana alivaa miwani ya jua, akisingizia vumbi.

"Baba Sia, mbona siku hizi sote humu tuna rangi ya maandazi?" aliuliza mkewe, Ndeshi.

"Ndiyo mtindo, mama. Mahotelini wanaweka hizihizi."

Ndeshi alicheka. Abdiel naye akacheka, huku tumbo likimkata. Alipokonda, alisema ni mawazo ya shughuli.

Taa za ukumbini nazo alizichagua mwenyewe. Sherehe ilinoga, vigelegele vikarindima. Sia alipopiga magoti kumlisha baba yake keki, mpiga video alisogea, akawasha taa yake nyeupe, kali. Sia aliinua uso, akakutana na macho ya manjano kama binzari.

"Baba! Macho yako!"

"Mwambie azime hiyo taa," Abdiel alinong'ona. Alijaribu kuinuka, akaanguka chini kama gunia.

Hospitalini daktari alimfunua kope, akatikisa kichwa. "Mama, hii njano si ya jana. Mngemleta mapema, tungeuzibua mrija wa nyongo. Sasa sumu imeshaenea mwilini."

"Nilikuwa namtazama kila siku, daktari!" Ndeshi aliangua kilio. "Kila siku!"

Abdiel alimsikia. Alitaka kumwomba mkewe radhi, lakini ulimi haukumtii tena. Uchungu huo ulizidi hata ule wa tumbo.

Harusi hakuiona. Ndugu walioteremka kutoka Machame kumsindikiza Sia walibaki kumzika baba yake, na siri aliyoificha kwa bidii ikasimuliwa msibani mbele ya wakwe walewale. Hakika, mficha maradhi, kilio humuumbua.