Mgeni wa Kila Jumapili

Mtu hukaribishwa mara ngapi, ndugu zangu, ndipo aache kuwa mgeni? Jibuni taratibu, sina haraka. Tangu nimalize chuo sina pa kuwahi. Nina digrii na bahasha ya fotokopi, na mabenchi ya kusubiria nayajua yote, hata yale yenye msumari. Mchungaji kanipa dakika saba. Nitajitahidi nisimuudhi mtu kabla ya ya tatu.

Palikuwa na mama mmoja, mshonaji, msharika wa kanisa fulani tangu yuko Sunday school. Aliitwa Burundi kushona sare za watoto wa kituo cha yatima, na huko mtoto wa miaka mitano akawa anamwokotea vifungo vinavyoanguka chini ya cherehani. Mtoto anaitwa Ineza. Jina lake nalitaja. Ya wengine hayana kazi hapa.

Mama akaamua kumwasili, awe mwanawe kisheria. Mnajua maana ya hilo neno ukilipeleka ofisini? Ustawi wa jamii, mahakama, ubalozi, uhamiaji, halafu ustawi wa jamii tena. Njoo next week. Faili liko under process. Bosi yuko semina. Miaka miwili alikwenda na kurudi, mpaka makondakta wakaacha kumuuliza anashuka wapi. Hatimaye akafika mpakani, yeye, mtoto na begi moja la bluu.

Afisa wa mpakani akamtazama mtoto, akamtazama mama.

"Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu, afande."

"Karatasi inasema mwanao. Sura haisemi."

"Sura haigongwi muhuri, afande. Karatasi imegongwa."

Afisa akacheka, akagonga wa kwake. "Haya, pita na mwanao. Umeshachoka wewe."

Mmesikia hapo? Mtu mwenye bunduki begani aliuona uchovu wa mwanamke. Sasa twendeni kanisani, kwenye watu wa neema.

Katibu wa wazee wa kanisa alifungua kitabu cha washarika. Kitabu kina safu tano, na ya tano ni namba ya cheti cha ubatizo.

"Cheti chake kiko wapi, dada?"

"Alibatizwa kule, mzee. Lile kanisa lilizolewa na maji, na vitabu vyake vyote."

"Basi sina cha kuandika."

"Si mumbatize hapa?"

"Dada yangu, ubatizo ni mmoja. Aliyebatizwa habatizwi tena. Lete cheti."

"Nikakitoe mtoni?"

"Usinifanye mimi mbaya. Sijamkataa mtoto, ni utaratibu tu. Kwa sasa atakuwa anasimama na wageni."

Na kweli akawa anasimama. Kila Jumapili, baada ya matangazo: wageni wasimame, wataje jina na wanakotoka. Jumapili ya kwanza akasema, "Naitwa Ineza, natokea Burundi." Makofi, kwaya ikaimba, baada ya ibada akapewa soda pamoja na wageni wenzake. Mwaka wa pili akasema, "Naitwa Ineza, natokea nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga." Watu wakacheka. Soda ikatoka. Watoto wengine wakamwonea wivu, mwenzao anakunywa soda kila wiki. Mwaka wa tatu alishaacha kungoja kuambiwa. Matangazo yakifika mwisho, anasimama mwenyewe.

Jumamosi moja mchana mama alitaka kushusha pindo la gauni la mtoto, maana anarefuka. Akavuta lile begi la bluu chini ya kitanda. Akakuta limejaa. Magauni yote yamekunjwa, mswaki uko juu, na pembeni viatu vya siku ile ya mpakani, ambavyo sasa havipiti hata kisigino.

"Ineza, mbona umefunga begi?"

"Huwa nalifunga kila Jumamosi, mama."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Wale ninaosimama nao huwa wanaondoka. Mimi tu bado sijaambiwa siku."

Nyamazeni kidogo, msiniitikie amina hapo.

Kesho yake, wageni walipoitwa, mtoto akasimama. Mama naye akasimama. Katibu akavua miwani.

"Dada, wewe kaa. Wewe ni wa hapa."

"Mama wa mgeni ni mgeni, mzee."

"Hilo tutalijadili kwenye kikao. Jamani, tuwakaribishe wageni wetu."

Na watu wakapiga makofi. Nimewaza sana hayo makofi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya mle ndani. Walipiga kwa sababu ndipo huwa wanapiga.

Jumapili iliyofuata benchi lao lilikuwa tupu. Mama na mwanawe walifanya wanachofanya wageni. Waliondoka.

Sasa sisi. Sisi tunajisifu kwa kukaribisha, na soda tunazo. Lakini mtoto alivuka ofisi nne na mpaka wa nchi mbili, akaja kukwama kwenye safu ya tano ya kitabu chetu. Tulimkaribisha miaka mitatu ili tusimpokee hata siku moja. Anayekungoja nje ya mlango walau anajua yuko nje. Huyu tulimweka ndani, tukampigia makofi, akarudi nyumbani kufunga begi. Mimi nimechoka, jamani, na mimi nangoja kazi tu. Yeye alikuwa anangoja kuambiwa kama ana kwao.

Mtasema ni mfano, kijana ametunga. Nimetunga. Ila leo hapa wamesimama wageni wanne, na mmoja wao nilimsikia mwezi uliopita, na Pasaka, akitaja mtaa huu huu wetu.

Wazee wa kanisa, na wewe katibu, nawaomba mnitazame. Kitabu kiko kwenye kabati la ofisi na funguo mnazo ninyi. Kitoeni leo, kabla mnada wa mazao ya sadaka haujaanza. Liandikeni jina la huyo wa mtaa wetu, na safu ya tano iacheni wazi. Halafu nendeni mpaka nyumbani kwake, na msitoke mpaka mmeliona begi lake likiwa tupu.