Mchango wa Kumsitiri Simba

Mwaka ule mvua iliipa mbuga kisogo. Mito ikabaki changarawe, na mtama ukageuka fedha: aliyetaka kitu alipima pishi kwanza.

Nyegere alikuwa mrina asali. Asali yake yote alimpa Fisi, mwenye ghala, aliyeiuza kwa Mfalme Simba. Walipatana kwamba Simba akishalipa mtama, Nyegere atachukua haki yake. Miezi ikapita, kimya. Nyegere akaenda ghalani, akamkuta Fisi amekaa juu ya magunia, anatafuna.

"Ndugu yangu, mimi ni mjumbe tu," Fisi akasema, akijipangusa midomo. "Simba bado hajanilipa, na wakubwa hawasukumwi. Njoo wiki ijayo."

"Wiki iliyopita uliniambia hivyo hivyo, Bwana Fisi."

"Basi unaona? Neno langu halibadiliki."

Nyegere akarudi kwa njia ya vichakani, maana alimwonea haya Kindi, fundi aliyemchongea mizinga kwa mkopo. Kindi akamwona vilevile.

"Kaka, nami nimebanwa," Kindi akasema kwa upole. "Mhanga ananichimbia kisima, na sina cha kumlipa."

Kisima hicho ndicho kilichotegemewa na mtaa mzima. Mhanga alikuwa amechimba hadi udongo ukaanza kulowa, kisha akapanda juu na kujikung'uta vumbi. "Wanangu hawali udongo," alisema, akaenda zake nyumbani.

Kiu ikazidi. Simba akaitisha baraza kuuliza kwa nini hakuna maji, na Fisi akawa wa kwanza kusimama.

"Ni uvivu, Mfalme. Wanyama wa siku hizi hawapendi kazi. Napendekeza iundwe kamati."

Kamati ikaundwa, Fisi akawa mwenyekiti. Wajumbe wakaahidiwa posho, wiki ijayo.

Nyegere alitoka pale kwa hasira. Sungura, jirani yake, akamfuata na kumdadisi, naye akamweleza yote.

"Kumbe Simba hajalipa?" Sungura akauliza.

"Ndivyo asemavyo Fisi."

"Maskini mfalme wetu. Itabidi tumchangie."

Asubuhi yake wakaingia barazani, Nyegere mbele na kikapu cha makapi ya mtama. Kindi na Mhanga walifuata. Fisi alikuwa ameketi karibu na kiti cha enzi, akiongoza kikao.

"Hiki nini?" Simba akauliza.

"Pole, Mfalme," Nyegere akasema. "Tumesikia umeishiwa hata umeshindwa kulipia asali. Tumekukusanyia kidogo, tukusitiri."

Manyoya ya shingo ya Simba yakasimama. Akasema polepole, "Asali ile niliilipia siku ile ile ilipoletwa. Nani amenitangaza fukara?"

Wote walimtazama Fisi, naye akaanza kucheka, kama afanyavyo akiogopa.

"Mfalme, mtama wao nilikuwa nawatunzia tu."

Simba hakuwa na habari na kisima, wala na Nyegere. Lakini jina lake lilikuwa limechafuliwa, na hilo lilitosha. Akaamuru ghala lifunguliwe. Magunia ya chini yalikuwa yameshaliwa na fukusi. Fisi alizuia hata asichoweza kumaliza.

Nyegere akapewa haki yake. Gunia la kwanza alilibeba moja kwa moja hadi kwa Kindi. Kindi hakulifungua, akamvingirishia Mhanga. Mhanga akamwachia mkewe, akashuka shimoni, na jua lilipoinama maji yakabubujika. Mke wa Mhanga naye akachota pishi la mtama, akaja kwa Nyegere kununua asali. Gunia moja lilikuwa limeinua mtaa mzima.

Kamati ikavunjwa bila posho. Fisi akatozwa na Simba fidia ya jina lililochafuliwa, akabaki na fukusi. Tangu hapo, akitaka hata kijiko cha asali, Nyegere humwambia apime mtama kwanza.

Dawa ya deni ni kulipa.